Posa Yangu na Barafu ya Kirinyaga

Wasichana wengine hunyimwa wachumba kwa sababu ya dini, au kabila, au mdomo wa shangazi fulani. Mimi nilikaribia kunyimwa Joram kwa sababu ya barafu, na kila nikisimulia hutokea mtu akadhani natania. Sitanii. Wiki zile nilikuwa na hasira kiasi kwamba ningepewa hiyo barafu yote ya dunia ningeitafuna ikaisha, tukaendelea na harusi.

Chanzo kilikuwa redio ya baba. Baba yangu, Mzee Ngala, alikuwa na redio ya betri ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, na taarifa ya habari ikianza nyumba nzima ilinyamaza. Jioni moja mwaka wa 1989 mtangazaji akasema wataalamu wanaona dunia inazidi kupata joto kwa ajili ya moshi wa viwanda na magari. Barafu iliyoko kwenye ncha za dunia na juu ya milima mirefu inayeyuka, akasema, na maji yake yakishuka baharini, bahari itapanda na kula pwani. Akautaja na Mlima Kenya. Baba akazima redio kabla ya matokeo ya mpira, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

"Mlima Kenya," akamwambia mama. "Huko si ndiko kwao yule kijana?"

Yule kijana ndiye Joram Ndirangu, mtu wa Nyeri, aliyeshuka pwani kutafuta kazi akaipata katika hoteli moja ya Bofa, ng'ambo ya kivuko cha Kilifi. Alisimamia chumba baridi cha jikoni, panapowekwa samaki, nyama na barafu ya wageni. Mimi nilikuwa nikipiga pasi mashuka katika hoteli hiyo hiyo, na chumba cha pasi kilikuwa na joto la kumkausha mtu akiwa hai. Siku ya kwanza nilipoingia chumba chake kwa kisingizio cha kutafuta vitambaa vya meza, sikutaka kutoka. Baadaye, hata alipokuwa nje juani, bado nilitaka kukaa alipo.

Kwetu ni Takaungu, upande wa mashamba, juu ya kilima kidogo kinachoteremka taratibu mpaka kwenye minazi na mchanga. Mimi, Easter, ni binti pekee katika nyumba ya wanaume watupu. Baba alishakubali nusu nusu kwamba Joram anioe, ila kwa sharti moja: tujenge hapo hapo Takaungu, kwenye kiwanja cha chini karibu na minazi, si kunichukua kunipeleka bara. Joram akakubali bila kusita. Kwao Nyeri kuna baridi, alisema, na yeye baridi anaipata kazini. Basi ilikuwa imebaki jamaa zake waje, mambo yaishe.

Sasa baba akaja na jambo jipya. Jumapili iliyofuata Joram alipokuja kututembelea, hata hakumaliza shikamoo yake vizuri.

"Marahaba. Hebu keti. Ile barafu ya kwenu inayeyuka."

"Nimesikia hivyo, mzee."

"Umesikia, na hukuniambia. Mto Sabaki umetuletea udongo wenu wa bara miaka yote, bahari ya Malindi imekuwa rangi ya chai. Tukanyamaza. Sasa mnatuletea na barafu?"

"Mzee, maji ya mlima wetu yanaingia Mto Tana, si Sabaki."

"Na Tana inamwaga wapi? Si baharini? Au yenu ni bahari nyingine?"

Joram akanitazama. Nami nikatazama dari, maana baba akishapanda juu ya hoja yake hakuna ngazi ya kumteremshia. Akaendelea kueleza, kwa utulivu wa mtu aliyefikiri usiku kucha, kwamba kiwanja alichotupa kiko chini. Bahari ikipanda, kitaliwa. Kikiliwa, Joram atasema hapana pa kukaa, atafunga mizigo, atampeleka binti yake juu Nyeri kwenye viazi na ukungu. Kwa hiyo sharti likawa jingine. Jamaa za Joram waje, na kabla ya neno lolote la mahari, waseme mbele ya wazee ikiwa barafu yao itaileta bahari mpaka kiwanjani au haitaileta. Ikiwa itaileta, hakuna ndoa.

Nilitoka nje nikapiga teke ndoo. Ndoo haikuwa na kosa, lakini haikuwa na barafu pia. Nani amewahi kusikia posa inayongoja mlima ujibu?

Joram hakukasirika, na hilo likanikasirisha zaidi. Alisema kama baba anataka ushahidi, atapewa ushahidi. Alikuwa na njia yake. Kila siku jikoni alikuwa akijaza barafu kwenye majagi ya maji ya wageni mpaka pomoni, na aliwahi kuona kwamba barafu ikiyeyuka jagi halimwagiki. Ataleta barafu yenyewe, ataiweka kwenye beseni mbele ya wazee, wajionee kwa macho yao. Nikamwuliza ikiwa ana hakika. Akasema jagi halisemi uongo.

Siku ikafika. Kutoka Nyeri alikuja shangazi yake, Jedida, dada wa marehemu baba yake na ndiye aliyemlea, akafikia kwanza kwa Joram huko Bofa. Mama wa kanisa, mrefu, kofia ya sufu kichwani katika jua lile la Kilifi, na mkononi mkoba ulioshikwa kwa mikono miwili kana kwamba pwani nzima imekuja kuupora. Joram alikuwa amefunga bonge la barafu ndani ya gunia lenye unga wa mbao, akalipandisha kwenye feri pamoja na soda. Feri siku hiyo ilikwama katikati kwa muda, injini ikikohoa, watu wote wakijiuliza kwa nini kijana yule aliyevaa tai anachuruzika maji miguuni. Shangazi Jedida, aliyekuwa hajawahi kupanda chombo cha majini maishani mwake, aliimba wimbo wa kanisa kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili. Walipofika kwetu bonge lilikuwa limepungua nusu, naye sauti ilikuwa imemkauka.

Mambo ya posa kwetu Wagiriama hayaanzi hivi hivi. Lazima mgeni atoe kwanza kadzama, kibuyu cha tembo cha kufungulia midomo ya wazee, na bila hicho hata ukisema nyumba inaungua watakusikiliza tu na kukutazama. Joram alijua, akawa amekinunua njiani. Msemaji wetu alikuwa baba mdogo Karisa, mdogo wake baba, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole anayependa kila jambo liende kwa utaratibu. Alimkaribisha shangazi kwa kumnyooshea mrija.

"Hapana, asante," akasema shangazi. "Mimi ni mtu ya kanisa."

"Mama, hii ni heshima tu. Gusa na midomo."

"Heshima nitakunywa na soda."

Wazee wakanong'ona. Mama yangu, Zipporah, ambaye naye ni wa kanisa lakini kwa miaka mingi amejifunza kuishi na kibuyu, akapeleka soda mbio. Kisha akarudi jikoni tulipokuwa mimi na yeye. Binti anayeposwa haketi na wazee. Hungoja mpaka aitwe kuulizwa kama anamjua mgeni na kama anamtaka. Kwa hiyo nilikuwa jikoni kama desturi inavyotaka, na jicho langu lilikuwa kwenye upenyo wa makuti.

Baba mdogo Karisa akasimama na kueleza shauri lenyewe. Aliliweka vizuri, sina budi kumsifu. Joram naye akasimama, akaomba beseni na maji. Akalikalisha uwanjani juani, akavunja barafu vipande, akavitia. Watoto walikuwa wameshajazana, kila mmoja na kipande mdomoni. Mzee mmoja alidondosha chake kwenye tembo, akanywa, akatikisa kichwa kwa mshangao, akaomba kingine. Joram akamimina maji taratibu mpaka yakafika ukingoni kabisa, barafu ikielea juu.

"Sasa tungojee," akasema. "Bahari ni hii. Barafu ni hiyo. Ikiyeyuka, kama bahari itapanda, maji yatamwagika."

Wakalizunguka beseni. Nimeona wazee wa kwetu wakitazama mambo mengi, ng'ombe wa mahari, ngoma, mpira, lakini sikupata kuwaona wakitazama maji kwa makini namna ile. Jua lilikuwa linafanya kazi yake. Vipande vikawa vidogo, vikawa kama kucha, vikatoweka. Hakuna hata tone lililomwagika.

Shangwe! Mzee wa barafu ya tembo akapiga makofi. Baba akajiinamia, akapitisha kidole kwenye ukingo wa beseni, akakitazama kidole. Uso wake ulifunguka jinsi nilivyokuwa sijauona tangu siku ya redio.

"Kumbe mtangazaji yule ni mwongo," akasema. "Haya, Karisa, sema la mahari. Zipporah! Leta chakula!"

Mama alinikumbatia, nami nilianza kupakua wali. Nikawaza rangi ya gauni. Nilikuwa nimefika kwenye mikono ya gauni, mirefu au mifupi, niliposikia sauti ya shangazi Jedida.

"Samahani, baba Easter. Lakini barafu yetu haiko namna hiyo."

Kijiko kikaniponyoka.

"Haiko namna gani, mama?" akauliza baba mdogo Karisa.

"Haikai kwa maji. Yetu inakaa juu ya mawe. Nikiwa msichana, tulikuwa tukiamka tunaangalia Kirinyaga, huo mnaita Mlima Kenya, na ile nyeupe ilikuwa inashuka mpaka chini kwa ile mawe nyeusi. Siku hizi imerudi juu. Nimeona na macho yangu. Na haikuwa imeelea popote."

Joram akasema, "Tata," yaani shangazi kwa Kikikuyu, kwa sauti ya mtu anayezama. Akaendelea kumsihi kwa lugha yao, mimi sikuelewa neno, ila nilielewa mikono. Shangazi akamjibu kwa Kiswahili ili wote wasikie.

"Nimekuja hapa kuomba mtoto ya watu. Siwezi kuomba na uongo."

Nilimchukia. Nasema ukweli wangu, kwa dakika ile nilimchukia mwanamke yule na kofia yake. Amesafiri usiku kucha na mchana, amevuka maji kwa nyimbo za dini, yote hayo kuja kunivunjia posa kwa mdomo wake mwenyewe! Mama akanishika kanga nisitoke.

Baba mdogo Karisa, mwalimu ni mwalimu tu, alikuwa ameshapendezwa na jambo lenyewe. Akaagiza jiwe. Wakaleta jiwe kubwa la matumbawe, wakaliweka katikati ya beseni likachomoza juu ya maji. Wakajaza tena mpaka ukingoni. Joram, bila furaha, akaweka barafu iliyobaki juu ya jiwe, isiguse maji. Wakangoja tena. Barafu ikaanza kulia machozi yake juu ya jiwe, yakateremka, yakaingia majini. Tone la kwanza likaruka ukingo. Kisha la pili. Kisha maji yakawa yanateremka ubavuni mwa beseni, yakafika kwenye kandambili za baba. Hakuna aliyesogeza mguu, na baba hakusogeza wake.

"Kwa hiyo redio ilisema kweli," akasema.

"Ilisema kweli," akajibu baba mdogo. "Iliyoko majini tayari haiongezi kitu. Iliyoko nchi kavu ndiyo inayoongeza. Nami katika jiografia nafundisha kwamba huko ncha ya kusini kuna bara zima limefunikwa na barafu, unene wake ukipanga minazi mmoja juu ya mwingine utachoka kabla ya kufika juu. Na karibu na ncha ya kaskazini kiko kisiwa kikubwa kimefunikwa vivyo hivyo. Hizo ndizo za kuogopa. Hii ya Mlima Kenya ni kidogo, hata ikiyeyuka yote leo, bahari haitajua."

"Kwa hiyo si barafu ya kwao?"

"Si ya kwao. Ni ya mbali."

"Lakini bahari itapanda."

"Itapanda. Polepole. Si jambo la kesho. Wenyewe wataalamu hawajapatana ni kiasi gani, wala lini. Sisi pengine hatutayaona makubwa. Wajukuu wetu, wajukuu wa wajukuu, hao ndio itawakuta."

Hapo ndipo wazee wakawaka. Mmoja akasema wajukuu wake hawezi kuwaacha wazame. Mwingine akasema watajengewa ukuta. Mwingine akauliza ukuta wa nini, na mchanga atautoa nani. Wakabishana habari ya wajukuu wa wajukuu, majina watakayoitwa, mashamba watakayokosa, na yule wa barafu akalia kabisa kwa huruma, ingawa lile tembo lake baridi lilikuwa na mchango wake. Joram alikuwa ameketi kichwa chini, tai imelowa. Wali ulikuwa unapoa. Na mimi nilikuwa nasikiliza kupitia makuti jinsi wanavyowalilia watoto wa watoto wa watoto wangu, huku Joram wakitaka kumfukuza arudi Bofa.

Nilimwachia mama kanga mkononi nikatoka na gauni langu la ndani ya nyumba. Hakuna aliyeniita, na binti hatoki kabla ya kuitwa, hilo nalijua.

"Baba! Hao wajukuu mnaoogopa watazama, watazaliwa na nani? Mume mnamrudisha, mimi mnanifungia jikoni, nyinyi mmekaa hapa mnatazama beseni! Hata bahari ikija, itamkuta nani?"

Kuku mmoja akapita akanywa maji ya beseni. Halafu shangazi Jedida akaanza kucheka, kicheko kikubwa cha kifua ambacho sikumtegemea nacho, na baba mdogo akacheka, na wazee wote wakaanguka juu ya viti vyao. Baba pekee hakucheka. Alinitazama, na nilipoona macho yake hasira yangu ikaniisha.

"Mwanangu Easter," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi siogopi maji. Maji nimezaliwa nayo. Lakini siku yatakapofika pale kiwanjani, au hata siku watu watakapoanza tu kusema yanakuja, mumeo atatafuta juu. Na juu kwake ni kwao. Nitabaki hapa na redio. Binti yangu ni wewe tu."

Nilimpenda baba yangu wakati ule kuliko siku zote. Ndiyo hiyo, basi. Hapakuwa na bahari, wala barafu, wala mlima. Palikuwa na mzee asiyetaka kuachwa. Nikapiga magoti mbele yake juu ya yale maji yaliyomwagika.

"Baba, nani amesema juu ni Nyeri? Juu ni hapa ulipoketi. Kile kiwanja cha chini tusijenge. Tupe cha huku kilimani, karibu nawe. Bahari ikitaka kutufuata, itapiga hodi kwako kwanza."

Alimgeukia shangazi Jedida.

"Mama, wewe umesema ukweli uliokuumiza. Nakuuliza na hili. Mtoto wako akijenga mlangoni kwangu, mtaona kama nimemmeza?"

"Kwetu huko juu kuna baridi, baba Easter," akasema shangazi, akivua kofia ya sufu kwa mara ya kwanza tangu afike. "Mimi nikizeeka zaidi, nitakuja kukaa hapa na nyinyi. Lakini ile meli sipandi tena."

Baba akainuka. Hakusema nimekubali, hakusema sijakubali. Alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na jembe, akapita katikati ya wazee na sahani za wali, akasimama hatua chache tu kutoka mlangoni kwake, akaanza kuchora mstari ardhini, hapa ukuta, hapa mlango. Joram alikimbia kumpokea jembe, akakatazwa. Mstari ukazidi kwenda, ukapinda, ukarudi, na kila ulivyorudi ulikuwa karibu zaidi na nyumba yetu, mpaka mama akapiga kelele kutoka jikoni.

"Ngala! Hapo ni banda la kuku wangu!"

"Kuku watahama," akasema baba, bila kuinua kichwa. "Mwanangu hahami."